Aseme Hajaiva

Solwezi, Zambia
12 Januari 2025

Baba mdogo Timotheo,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na naomba barua hii iwakute wewe na mama mdogo Marita mkiwa na afya. Rozi anawasalimu sana. Eva naye anamsalimu babu yake, na ameniagiza nikuulize kama yule mbuzi mweupe bado anakula nguo kwenye kamba.

Barua anakuletea Ambakisye, yule kijana wa hapo Chapwa anayeendesha lori la shaba. Anapita Tunduma karibu kila mwezi akielekea bandarini, na amekubali kuwa posta yetu. Najua simu kwako haina kazi tena. Mara ya mwisho nilipaza sauti mpaka jirani akagonga ukuta, na wewe ukanijibu habari za mbolea. Mashine ya kusaga imekula masikio yako, baba, lakini macho bado unayo, basi tutumie hayo.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Kibali changu cha kazi kinakwisha mwezi wa sita. Unajua tunavyoishi huku: mimi kwa kibali cha kazi, Rozi na mtoto kwa vibali vya ukaazi vilivyoning'inia kwenye changu. Changu kikianguka, vyote vimeanguka. Na kibali cha mtaalamu wa kigeni hakitolewi hivi hivi. Mgeni anaruhusiwa kwa sababu hakuna mwenyeji anayeiweza kazi yake, na sharti ni kwamba akiwa hapo amfundishe mwenyeji mmoja mpaka naye aiweze. Kibali kinapotaka kuongezwa, kamati inakaa, inamwita yule mwanafunzi na kumuuliza kama ameiva.

Mwanafunzi wangu unamjua. Ni Gwalugano wako.

Miaka minne iliyopita uliponiandikia kwamba kijana amemaliza chuo na anazurura, sikusita hata kidogo. Alizaliwa kwa wajomba zake Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akasoma kule, kitambulisho chake ni cha Zambia. Wataalamu wenzangu kutoka nchi nyingine walichagua watu baki wa kuwafundisha. Mimi mtu wa Tunduma nikajiona mjanja. Kwetu mpaka ni barabara tu ya kuvuka ukanunue sukari, nusu ya ukoo iko huku na nusu kule. Nikasema moyoni, huyu ni mwenyeji kwa karatasi na ndugu kwa damu, atanilinda.

Unataka kujua anaendeleaje? Anaendelea vizuri, baba. Vizuri kupita kiasi. Ananiangalia usoni kabla sijafungua mdomo, anajua tanuru la kuyeyusha shaba linataka nini.

Naomba akija nyumbani Pasaka ukae naye. Mwambie mbele ya kamati aseme hajaiva. Mwaka mmoja tu, baada ya hapo nitamwachia kiti kwa mikono yangu mwenyewe. Mimi siwezi kumwomba, maana kazini ni bosi wake, na neno kama hilo likivuja tunafukuzwa wote wawili siku hiyo hiyo. Lakini wewe ni baba.

Mwanao,
Lusubilo


Chapwa, Tunduma
16 Februari 2025

Mwanangu Lusubilo,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka dizeli. Ambakisye anasema foleni ya malori ilikuwa ndefu hata madereva wakaanza kupikiana ugali kwa zamu, na wawili wamegombania mboga. Hapa sisi tuko salama. Mama yako mdogo anasumbuliwa na goti, lakini kwaya haachi.

Mwambie Eva kwamba mbuzi bado ana tabia zake. Juzi ametafuna mkono wa sare ya kwaya ya bibi yake, na bibi akaimba Jumapili huku amejifunga kanga begani. Mimi kanisani nakaa mbele ili nione midomo ya mchungaji. Nashika neno moja katika matano, na nikuambie ukweli, mahubiri yamekuwa mazuri zaidi.

Mahindi ya shambani Iyula yamesimama vizuri. Kahawa ya marehemu baba yako niliipogoa mwenyewe, matawi yalikuwa yameshikana. Ukija utaikuta inapumua.

Habari kubwa ni hii. Gwalugano amepata mchumba, Agnes, binti wa watu wa Isansa. Ni familia ya heshima, wana kahawa yao na mtoto wao mmoja ni mwalimu. Tulikwenda kujitambulisha mwezi uliopita. Wazee wakauliza kijana anafanya kazi gani huko shaba inakotoka. Nikawaambia ni msaidizi wa mtaalamu. Wakatazamana. Kusikia sisikii, lakini watu wakitazamana nawaona vizuri sana. Basi nikaongeza kwamba mwaka huu anakuwa mtaalamu mwenyewe, na hapo ndipo soda zilipoletwa.

Lile jambo lako nimelisoma. Barua ilikuwa ndefu na taa ya jikoni ni hafifu. Tutaona.

Wasalimu Rozi na mjukuu wangu.

Baba yako mdogo,
Timotheo


Solwezi
2 Machi 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za Agnes. Gwalugano hajaniambia, lakini nimemwona akinyoa ndevu kila siku, nikajua kuna mtu. Pole mama mdogo kwa goti na kwa sare.

Hukunijibu. Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta jibu katikati ya mbuzi na soda, sikuliona. Basi nitakuambia nililokuficha, na baada ya hapo usiniambie tena kwamba taa ni hafifu.

Eva hayuko Solwezi. Yuko Lusaka na mama yake tangu mwaka juzi. Salamu zake ninazokuandikia huwa nazichukua kwenye simu, jioni, akiwa hospitali au amerudi kutoka hospitali. Mjukuu wako ana saratani ya damu.

Ilianza kwa homa zisizoisha na alama za bluu miguuni, tukadhani anacheza vibaya. Sasa ana miaka saba, na tangu mwaka juzi amekuwa akichomwa sindano mgongoni. Nywele zilidondoka zote, zikaota, zikadondoka tena. Lakini dawa zimemkubali, baba. Damu yake inaonekana safi. Daktari anasema matibabu yanaendelea mpaka Desemba, na akifika Desemba bila kukatiza, ana nafasi nzuri ya kupona kabisa. Dawa zikikatika katikati, ugonjwa unaweza kurudi, na wa kurudi ni mkali kuliko wa kwanza. Bima ya kampuni ndiyo inayolipa kila kitu. Bima inategemea kazi, kazi inategemea kibali, na kibali kinakwisha Juni.

Unaona sasa kwa nini nahitaji mwaka. Si kiti ninachokitaka. Kiti mimi nimekichoka.

Usimwambie mtu yeyote, hata mama mdogo, na hasa usimwambie Gwalugano. Unajua ukoo wetu. Nikitamka ugonjwa huu, kesho watakaa kutafuta nani kamroga mtoto, na kidole kitaelekea moja kwa moja kwa yule anayengoja nafasi yangu. Sitaki binti yangu awe sababu ya ndugu kumwita ndugu mchawi. Niahidi.

Lusubilo


Chapwa
28 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba.

Nilisoma barua yako nikiwa nyuma ya mashine. Mama yako mdogo alinikuta nimekaa juu ya gunia, akauliza kwa nini natoa machozi, nikamwambia ni vumbi la pumba. Akamwita Mungu wake kwa Kibemba, "Lesa wandi," kama Wabemba wenzake wa Nakonde, akaniletea maji ninawe uso. Nimenyamaza kama ulivyotaka. Nakuahidi, sitamwambia mtu.

Mtoto wa miaka saba. Nimekuwa nikimtumia habari za mbuzi.

Lakini Lusubilo, unajua unachoniomba? Mimi nimesaga mahindi ya watu mpaka nimekuwa kiziwi. Baba yako alipofariki nikasaga na kwa ajili yako, na sijutii hata debe moja. Nilitaka vijana wawili watakaosimama mbele ya watu na kusema naweza. Wewe ulisema. Sasa zamu ya mdogo wako imefika, na mimi ndiye nimwambie nenda kajiite mjinga mbele ya wakubwa zako. Na asijue kwa nini. Atanitazama vipi? Na mimi nitawatazama vipi watu wa Isansa?

Hakuna njia nyingine huko? Wakubwa wako ni watu, wana watoto. Umewauliza? Nenda ofisini, sema mtoto anaumwa, naomba mpaka Desemba. Yule mama wa ofisi ya wafanyakazi uliyewahi kunisifia, Judith, umekaa naye ukamuuliza inakuwaje mtu akikabidhi kazi? Uliza kwanza. Mimi kwa hili nasema hapana, na kusema hapana kwa mtoto wa kaka yangu kunaniuma mpaka kwenye mifupa.

Kahawa imeanza kuwa nzito matawini. Naandika hilo kwa sababu sijui niandike nini.

Timotheo


Solwezi
10 Aprili 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Naandika haraka, Ambakisye ameshawasha lori.

Siwezi kuuliza. Nikigusa tu habari ya kukabidhi, watasema kumbe kijana yuko tayari, na siku hiyo hiyo wataanza kuandaa barua ya kuniaga. Nimekaa kwenye kiti mbele ya mlango wa Judith mara mbili, nikainuka nikarudi kazini. Kibali cha mgeni ni kitu cha kutembea nacho taratibu, huulizi maswali.

Jana Eva ameniuliza kwenye simu kama akimaliza dawa ataruhusiwa kuja Tunduma kumwona mbuzi. Nikamwambia ndiyo. Baada ya hapo nilikwenda chooni kazini, nikafungua bomba lipige kelele, nikalia kama mtu aliyefiwa.

Unasema zamu ya Gwalugano imefika. Ataipata mwakani. Mwanangu hana mwakani bila hii Juni. Sijawahi kukupigia magoti tangu ulipoanza kunilea. Leo nimepiga. Aseme hajaiva.

Lusubilo


Chapwa
4 Mei 2025

Mwanangu Lusubilo,

Marahaba. Pasaka ilikuwa na mvua. Mama yako mdogo aliimba na goti lake. Gwalugano alifika Ijumaa Kuu, amenenepa, ameleta kitenge cha mama yake na viatu vyangu ambavyo havinitoshi lakini navivaa.

Jumatatu ya Pasaka nikamchukua twende Iyula kupalilia kahawa. Nilitaka tuwe wawili tu. Anapalilia vizuri mpaka leo, hakusahau jembe. Alikuwa ananisimulia tanuru lenu kwa mikono, jinsi moto unavyobadilika rangi shaba ikiwa tayari, na mimi nilikuwa namwangalia midomo na nashika karibu yote. Nilimwacha amalize.

Kisha nikasema, "Gwalugano, mwezi wa sita watakuita wakuulize kama umeiva."

Akaitikia kwa kichwa, anatabasamu.

"Utasema hujaiva."

Akasimamisha jembe. Akaja mbele yangu kabisa ili nimwone mdomo. "Umesemaje, baba?"

"Umesikia. Kiziwi ni mimi, si wewe."

"Ni kaka amekutuma?"

"Ninayesema ni mimi baba yako. Na hutaniuliza sababu, wala hutalizungumza na kaka yako."

Mvua ilikuwa inatunyeshea sisi wawili. Akasema, "Sawa, baba." Akarudi kwenye mstari wake akapalilia mpaka mwisho bila kupumzika, na mimi nikabaki nyuma. Wewe umelelewa humu, unajua kwamba kwetu baba akishasema hivyo mtoto haongezi neno. Nililitegemea hilo, na lilipotokea nikaona aibu.

Usiku alimwambia mama yake kwamba watu wa Isansa wavute subira kidogo. Kesho yake akaondoka.

Nimefanya ulichotaka. Nimefanya kwa ajili ya mtoto. Usiniandikie kunishukuru.

Timotheo


Solwezi
22 Juni 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Sina salamu nyingi za kukupa leo.

Kamati ilikaa Jumanne. Walikuwepo wakubwa wa kiwanda, na maofisa wa vibali wawili. Mimi nilikaa pembeni. Gwalugano aliingia amevaa shati jeupe alilonunua kwa ajili ya siku hiyo. Wakamuuliza atafanya nini takataka zinazoelea juu ya shaba iliyoyeyuka zikianza kuwa nzito. Ni swali ambalo angelijibu akiwa usingizini. Nilikiona kidole chake kikisogea mezani, kinafuata hatua moja baada ya nyingine, kichwani amemaliza hesabu yote. Akasema, "Sina hakika. Huwa namtegemea mtaalamu." Wakamuuliza la pili, akajibu hivyo hivyo. La tatu alinitazama mimi machoni kwanza, kisha akasema hajui.

Mwenyekiti akafunga faili. Akauliza, "Miaka minne?" Nikadhani anamuuliza Gwalugano. Alikuwa ananiuliza mimi.

Wamesema hivi. Kama kijana hajui kitu baada ya miaka minne, basi mgeni hakufundisha, na mgeni asiyefundisha amevunja sharti la kibali chake. Hawakuniongezea hata wiki moja. Na kijana aliyeshindwa kufundishika miaka minne hawana haja naye. Wataleta mtu mwingine. Siku ile ile tumerudisha kofia na viatu vya kazi, mimi na yeye, dirisha moja. Sikuweza kumwangalia. Aliondoka bila kuniaga, na simu yangu hapokei. Nadhani yuko njiani kuja kwako.

Sasa sikiliza lililobaki, maana hilo ndilo linaloniua. Judith alinifuata nje. Alikuwa na hasira. Anajua habari za Eva, karatasi za bima hupita mezani kwake. Akaniambia, "Kwa nini hukunijia? Kijana angefaulu ungepewa miezi sita ya kumkabidhi. Kibali kingeongezwa kwa ajili hiyo, mshahara, nyumba, hospitali ya mtoto, kila kitu. Ndivyo tunavyofanya kwa kila mgeni anayeondoka vizuri."

Miezi sita kutoka Juni, baba. Hesabu mwenyewe inafika wapi.

Uliniambia niulize. Nilikaa mbele ya mlango wake mara mbili.

Rozi hajanilaumu, na afadhali angenilaumu. Daktari wa Lusaka ametuandikia barua kwa wenzake wa Dar es Salaam na kutupa vidonge vya wiki chache. Alinieleza tena hatari ya kukatiza, polepole, kama mtu anayezungumza na mtoto. Sijui huko Dar tutaanzia wapi wala tutapokelewa lini. Tutapanda basi tufike Nakonde Alhamisi, tarehe 3 Julai. Vibali vyetu vya ukaazi vinakwisha wiki hiyo. Kama utakubali tulale kwako siku mbili Eva apumzike, nitashukuru. Kama hutaki kuniona, nitaelewa, lakini mtoto mpokee.

Lusubilo


Chapwa
2 Julai 2025

Mwanangu Lusubilo,

Marahaba. Mama yako mdogo ametandika chumba cha mbele na kuweka chandarua kipya. Amechemsha maji mpaka ndoo zimekwisha, kwa sababu nimemwambia mtoto hatakiwi kunywa maji hivi hivi. Ndiyo, nimemwambia. Nimevunja ahadi niliyokupa, nimewaambia wote wawili, yeye na Gwalugano. Kama ni kosa, liweke pamoja na mengine yangu.

Gwalugano alifika na begi moja. Siku tatu alishika kazi. Alitengeneza mkanda wa mashine, akapaka grisi, akafagia pumba, akala, akalala. Watu wa Isansa wameshatuma neno lao, tuache hilo. Siku ya nne akaja mbele yangu nimwone mdomo, akaniuliza, "Baba, kaka alinidharau kiasi hicho?"

Hapo ndipo niliposhindwa. Nikamwambia yote, Eva, damu, sindano, Desemba. Nikamwambia kwamba ulipiga magoti kwenye karatasi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaketi chini pale pale kwenye pumba, na mimi nikadhani ameanguka.

Lusubilo, alikuwa anajua habari ya miezi sita. Wiki moja kabla ya kamati Judith alimwita, akamweleza kwamba akifaulu, kaka yake atapewa miezi sita ya kukabidhi pamoja na haki zake zote. Alifurahi sana siku hiyo. Aliona atapata kazi na wewe utaagwa kwa heshima. Kisha akakumbuka mstari wa kahawa Iyula. Nikamuuliza kwa nini hakuniandikia. Akasema, "Ulisema ni wewe baba yangu unayesema, na nisiulize. Nilidhani mnajua jambo kubwa kuliko hilo." Nikamuuliza, na kaka yako pale kamatini? Akasema, "Alikuwa ananitazama. Nilidhani na yeye anajua. Swali la tatu nilimwangalia ili kama amebadili nia anionyeshe, hata kwa jicho. Akainamisha kichwa."

Nimekuwa kiziwi miaka mingi na sikuwahi kulia kwa ajili ya masikio yangu. Juzi nililia. Mtoto alikuwa na jibu mfukoni na mimi baba yake nilikuwa nimemkataza kusema.

Sitaki tukae tugawane lawama. Nikianza nitakutukana, na wewe utanyamaza, na mtoto wa watu atakuwa amelala chumba cha pili anasikia. Ijumaa tunaondoka wote kwenda Mbeya, na kutoka hapo Dar. Mashine nimemwachia jirani. Sijui mambo ya hospitali kubwa, lakini nina miguu na naweza kukaa kwenye benchi mbele ya mlango wa daktari kuanzia alfajiri, na mimi ukinifukuza sisikii. Tutagonga kila mlango mpaka mmoja ufunguke. Naogopa, mwanangu. Naogopa kuliko nilivyoogopa kwa baba yako.

Barua hii simpi Ambakisye. Gwalugano amesema ataileta yeye, anavuka leo alale kwa wajomba zake ili kesho basi likifika awe stendi ya Nakonde. Mama yake alitaka kumzuia, akasema mna uchungu bado, mtatukanana mbele za watu. Yeye alikuwa anaweka shuka kwenye begi kwa ajili ya mtoto, kwa sababu asubuhi kule kuna baridi.

Kwa hiyo unaposoma hapa amesimama mbele yako. Namjua, hatasema kitu. Na wewe usianze kumwomba radhi pale stendi, wala usimpe mkono. Kunja karatasi, mpe Eva ambebe, mvuke mje nyumbani.

Baba yenu,
Timotheo